Barua ya wazi kwa mnaowatuma askari kwenye maandamano

Waheshimiwa makamanda wa polisi, waheshimiwa mawaziri mnaosimamia usalama wa ndani, na nyote ambao neno lenu ndilo linalomtoa askari kambini na kumfikisha barabarani,

Salaam.

YAH: ASKARI ASIYEJULIKANA NA TAARIFA YA SIKU YA KWANZA

Mimi ni raia. Sina cheo wala chama kilichonituma. Barua hii nimekaa nayo kwa miezi nikingoja hasira ipoe nibaki na hoja. Hasira imepoa kiasi. Hoja iko palepale.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Siku ya maandamano nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya jengo lililofungwa, na kikosi cha kutuliza ghasia kilikuwa kimejipanga mbele yangu, hatua kama sita hivi. Askari aliyekuwa karibu nami alikuwa kijana, labda wa miaka 25. Kwenye kofia yake ngumu, pale panapoandikwa namba, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi, ile wanayotumia mafundi umeme. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, pembe zimenyooka. Kifuani, juu ya mfuko wa shati, niliona matundu mawili madogo ya pini, na katikati yake kitambaa kilikuwa kimekoza rangi, hakijapauka kwa jua kama sehemu nyingine za sare. Yaani kibati cha jina kilikaa hapo siku zote mpaka asubuhi ile. Wakati huo hakuna jiwe lililokuwa limerushwa. Watu walikuwa wanaimba.

Nimeuwazia sana mkasi ule. Tepu inayobandikwa katika purukushani huchanwa kwa meno. Hii ilikatwa kambini, penye mwanga, na mtu mwenye muda. Na kabla ya kupanda gari, kijana yule alikaguliwa: viatu, ngao, kirungu, kofia. Mkubwa wake aliiona ile tepu akanyamaza. Kwangu mimi, maandamano yale yalianza kuharibika pale kwenye ukaguzi, saa kadhaa kabla ya bomu la kwanza la machozi.

Siku hiyohiyo mtoto wa jirani yangu aligongwa na kopo la bomu la machozi juu ya jicho la kushoto. Hakuwa akiandamana, na hata kama angekuwa anaandamana, haki yake isingepungua. Jicho halikupona. Wiki mbili baadaye nilimsindikiza mama yake kwenda kuandikisha malalamiko. Alipewa fomu. Mstari wa tatu uliuliza: jina la askari anayelalamikiwa, namba yake ya utumishi, kituo chake. Mama yule aliishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika kwa herufi kubwa: ALIKUWA MREFU KIDOGO. ALIVAA KOFIA NYEUSI.

Askari wa kaunta alikuwa na adabu, nasema ukweli. Alimwambia, "Mama, hapa tunahitaji namba."

"Namba waliifunika, mwanangu."

"Sasa Mama, sisi tutampataje?"

Hakulisema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na jibu. Baada ya muda ilikuja barua kwamba jalada limefungwa kwa kuwa mtuhumiwa hakutambulika. Mama yule ameitunza barua hiyo kwenye bahasha moja na karatasi za hospitali.

Waheshimiwa, mnapozungumza kwenye mikutano husema wananchi wamepoteza imani na polisi, na mnauliza nini kimeiondoa. Mnataja mitandao ya kijamii, wanasiasa, vijana wasio na kazi. Mimi nawaomba mwangalie ule mstari wa tatu wa fomu. Dola ilimkabidhi mtu silaha, ikamruhusu afiche namba yake, kisha ikamtaka mama aitaje namba hiyo ndipo imsikilize. Hakuna kampeni ya polisi jamii inayoweza kuziba pengo hilo.

Kanuni zipo, na nyingi ni nzuri. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla namba 37 ya mwaka 2020, inasema askari mwenye sare anayesimamia mkusanyiko anapaswa kuwa na kitambulisho kinachoonekana kwa urahisi muda wote. Kenya imeliandika jambo hilo ndani ya sheria yake ya polisi ya mwaka 2011: askari mwenye sare avae jina au namba ya utumishi mahali panapoonekana wazi, wakati wote. Hata hivyo, Agosti 2024, baada ya wiki kadhaa za maandamano yaliyoanzia kwenye muswada wa fedha, ilibidi Mahakama Kuu ya nchi hiyo itoe amri kwamba askari wa maandamano wasifiche utambulisho wao. Fikirini maana yake. Mahakama iliombwa kuwaamuru polisi wafanye kile ambacho sheria yao wenyewe ilikuwa imekwisha kuwaagiza kwa miaka 13.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu askari mmoja ninayemheshimu ameniambia. Askari wanaogopa. Jina likionekana, usiku huohuo picha yake iko mitandaoni, watoto wake wanafuatwa shuleni, mkewe anatukanwa. Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau. Kumfuata mtoto wa askari shuleni ni uovu, awe amefanya nini baba yake. Lakini dawa yake inajulikana. Mpeni namba badala ya jina. Namba kubwa, mgongoni na kwenye kofia, inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mpita njia namba hiyo haimwambii askari huyo anaishi wapi, wala anaitwa nani nyumbani kwake. Inamwambia mkaguzi tu, mwenye daftari, nani alikuwa wapi saa ngapi. Anayekataa jina kwa sababu ya usalama wa familia namwelewa. Anayekataa hata namba, siwezi kuielewa sababu yake isipokuwa moja.

Na wale wasiovaa sare kabisa, wanaoshuka kwenye magari yasiyo na namba za usajili na kumbeba mtu mzobemzobe? Hao wananiogopesha kuliko wote. Mtu akinikamata huku amefunika uso, ndani ya gari lisilo na namba, mimi nitajuaje kama nimekamatwa au nimetekwa? Ndugu zangu wataanzia wapi kunitafuta? Mkiruhusu polisi wafanane na watekaji, mmewafungulia pia watekaji mlango wa kufanana na polisi.

Sasa niingie kwenye jambo la pili, ambalo limeshikana na hilo la kwanza. Ni ile taarifa mnayoitoa siku yenyewe, kabla damu haijakauka.

Tarehe 1 Aprili 2009, London ilikuwa na maandamano wakati wa mkutano wa nchi za G20. Ian Tomlinson, muuza magazeti wa miaka 47, hakuwa mwandamanaji. Alikuwa anajaribu kurudi nyumbani huku kila njia imezibwa na polisi. Alianguka, akafariki dunia. Polisi walitoa taarifa kwamba askari waliokuwa wanajaribu kumwokoa walirushiwa chupa na umati. Uchunguzi wa kwanza wa maiti ukasema ni moyo. Kwa siku kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa habari: mtu mgonjwa, umati mkatili, polisi waliojitahidi. Kisha gazeti moja likachapisha video iliyopigwa na mtu aliyekuwa pale. Tomlinson anaonekana akitembea taratibu, mikono mfukoni, amewapa polisi mgongo. Askari aliyeficha uso anampiga kirungu mguuni, kisha anamsukuma kwa nguvu mpaka anaanguka chini.

Uchunguzi mwingine wa maiti ulikuta alivuja damu ndani ya tumbo. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama lililosikiliza chanzo cha kifo chake liliamua aliuawa isivyo halali. Mwaka 2012 askari yule alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia akaachiwa huru, lakini kazi ikamwisha. Mwaka 2013 polisi wa London waliiomba familia radhi rasmi. Miaka minne ya maumivu. Msukumo ule ulichukua sekunde chache tu, na kama askari angejulikana jioni ileile na taarifa ikasema ukweli, ungebaki kosa la askari mmoja. Ile taarifa ya kwanza ndiyo iliyoligeuza kuwa kosa la jeshi zima.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu naamini wengi wenu mnakosea hesabu. Mnadhani imani inavunjwa na risasi. Risasi inaua, na hakuna kinachozidi hilo. Lakini watu wanajua kwamba askari ni binadamu, anaweza kuogopa, anaweza kukosea, hata kuwa mwovu peke yake. Wanachoshindwa kukisamehe ni kusikia ofisi nzima, yenye mhuri na msemaji, ikisema lisilokuwapo. Maana siku hiyo wanagundua kwamba aliyefyatua hakuwa peke yake.

Angalieni Minneapolis, Marekani. Mei 2020 polisi wa jiji hilo walitoa taarifa kwamba mtu mmoja alipinga kukamatwa, akafungwa pingu, askari wakaona hali yake ya afya si nzuri, akafia hospitali. Goti halikutajwa. Msichana wa miaka 17 alikuwa amesimama kando ya barabara na simu yake, na ni yeye aliyeuonyesha ulimwengu shingo ya George Floyd chini ya goti la askari. Dunia nzima iliandamana. Isingekuwa simu ya msichana yule, ile taarifa ingekuwa ndiyo historia.

Nairobi, Juni 2025: Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mitandaoni, alikamatwa na kufia mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza yalisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Wataalamu walioupasua mwili walisema majeraha hayo hayalingani na mtu aliyejigonga mwenyewe. Ndani ya siku chache Inspekta Jenerali alisimama mbele ya Seneti, akaomba radhi, akasema alipewa maelezo hayo na walio chini yake. Namshukuru kwa kuomba radhi. Wapo wengi ambao hawajawahi. Ila njia ya mwongo ni fupi, na safari hii ilikuwa fupi kuliko kawaida. Kabla wiki mbili hazijaisha, watu waliotoka barabarani kudai haki kwa kifo hicho walikabiliwa na polisi, na mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi ya kichwa kwa karibu, kamera zikiona. Naye akafa siku kadhaa baadaye. Kifo kimoja kilichoelezwa kwa uongo kikazaa maandamano, maandamano yakazaa kifo kingine. Je, ninyi mnaosoma ripoti za usalama kila asubuhi, hamuoni mnyororo huo?

Wakati mwingine njia ya mwongo si fupi, ni ndefu mno, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Tarehe 30 Januari 1972, katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji wa haki za kiraia. Watu 13 walikufa siku ile na mwingine alikufa baadaye. Uchunguzi wa haraka uliotoka ndani ya miezi mitatu uliwatetea wanajeshi kwa sehemu kubwa na kuwaacha marehemu na shaka kwamba walikuwa na silaha au mabomu. Ilichukua hadi Juni 2010, miaka 38, ndipo ripoti ya tume ya Saville ikasema waliouawa hawakuwa tishio kwa mtu, na Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Mwanajeshi aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo aliachiwa huru mwaka 2025. Miaka 53 ilikuwa imepita. Mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimechakaa. Katikati ya miaka hiyo vijana wangapi wa mji ule walijiunga na makundi yenye silaha kwa sababu waliambiwa na serikali kwamba ndugu zao walistahili kufa?

Afrika Kusini nayo ina Sharpeville ya 1960, watu 69 waliouawa, wengi wao kwa risasi za mgongoni. Lakini wacha nikae kwenye Marikana, kwa kuwa hapo haikuwa serikali ya ubaguzi. Ilikuwa serikali iliyochaguliwa kwa kura za wananchi. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua wachimba migodi 34 waliokuwa kwenye mgomo. Lazima niseme na upande wa pili: siku chache kabla, watu 10 walikuwa wameuawa katika mgogoro uleule, wakiwamo polisi wawili. Polisi waliofika siku ile walikuwa wamezika wenzao mioyoni, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Kamera za televisheni zilinasa risasi za mwanzo, wanaume wakianguka katika wingu la vumbi. Ambacho kamera hazikukinasa ni kwamba nusu ya wale 34 walikufa mahali pengine, kwenye vichaka na majabali walikokimbilia kujificha, dakika kadhaa baadaye. Taarifa ya polisi ya siku iliyofuata ilisomeka kana kwamba yote yalitokea mahali pamoja, kwa kujihami. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba taarifa hiyo ilirekebishwa, na kwa marekebisho hayo mahali pa pili pakapotea.

Mtu alikaa mbele ya kompyuta akaondoa sentensi. Hiyo ndiyo picha isiyonitoka. Risasi zilikuwa zimekoma, hakukuwa na mkuki, hakukuwa na jiwe, hakuna aliyekuwa hatarini tena. Kulikuwa na meza, na chai pengine, na mtu akachagua.

Kwa hiyo ninachowaomba kuhusu taarifa ya kwanza ni kidogo mno. Msiseme msichokijua. Kuna maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwa msemaji wa polisi, na ningeyasikia ningesimama pale nilipo: "Mtu mmoja amekufa wakati askari wetu wakiwa kazini. Hatujajua aliyefyatua. Silaha zote zilizotoka leo zimekusanywa na risasi zinahesabiwa. Uchunguzi haufanywi na sisi. Familia imeshaarifiwa, na afisa aliyekwenda kwao anaitwa fulani." Haina lawama kwa yeyote. Haimwiti marehemu mhalifu, wala haimsafishi askari. Haihitaji fedha wala sheria mpya. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka jambo hilohilo: majeruhi apate matibabu mapema iwezekanavyo, ndugu waarifiwe mapema iwezekanavyo. Badala yake ndugu wanaisikia habari redioni, na marehemu ameshapewa jina la "wahuni waliovamia".

Kuhusu neno hilo, wahuni. Natambua kwamba katika maandamano mengi huwa kuna watu wanaochoma, wanaopora, wanaorusha mawe. Nimewaona. Wengine wamewajeruhi askari vibaya, na anayefanya hivyo akamatwe, ashtakiwe, kwa jina lake na kosa lake. Lakini yale Maoni ya Jumla niliyoyataja yanasema wazi kwamba vurugu za baadhi ya watu haziwi vurugu za mkusanyiko wote. Na hii si huruma tu, ni elimu ya kazi yenu. Wanasaikolojia kama Stephen Reicher na Clifford Stott wamechunguza umati kwa miongo kadhaa, na walichokikuta ni kwamba umati ukipigwa wote kwa pamoja, unakuwa kitu kimoja. Mwalimu mstaafu aliyekuja na bango lake anajikuta upande mmoja na yule mrusha mawe ambaye dakika tano kabla alikuwa anamkaripia. Kirungu chenu ndicho kilichowaunganisha.

Ureno walilizingatia hilo kwenye mashindano ya soka ya Ulaya mwaka 2004. Stott alikuwa miongoni mwa walioshauri. Polisi walizunguka wawiliwawili katika sare za kawaida, wakizungumza na mashabiki, huku vikosi vyenye ngao vikikaa pasipoonekana mpaka vihitajike. Mashabiki wa Uingereza, waliokuja na sifa mbaya ya fujo, walikaa kwa utulivu mkubwa kwenye miji iliyofuata utaratibu huo. Sweden nayo, baada ya vurugu za Gothenburg mwaka 2001 ambapo polisi waliwapiga watu risasi za moto, iliunda polisi wa mazungumzo, askari ambao kazi yao ni kuongea na waandaaji kabla, wakati na baada ya maandamano. Hawa huvaa vizibao vinavyowatambulisha. Wanajulikana kwa sura. Mnaona nimerudi palepale.

Nizungumzie silaha kidogo, kwa ajili ya jicho la mtoto wa jirani yangu. Mabomu ya machozi na risasi za mpira mnaziita silaha zisizoua. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali kuhusu waliojeruhiwa kwa risasi za mpira na za jamii hiyo: katika watu 1,984, watu 53 walikufa na 300 walibaki na ulemavu wa kudumu. Chile mwaka 2019 mamia ya watu waliumizwa macho ndani ya miezi michache. Gesi ya machozi imekatazwa kutumika kama silaha ya vita chini ya mkataba wa silaha za kemikali wa mwaka 1993. Mkataba huohuo unairuhusu kwa polisi. Kwangu mimi, ruhusa hiyo ina maana pale tu polisi anapojua kwamba ana raia mbele yake, si adui, na anapoacha njia ya kukimbilia. Kopo hurushwa kwa pembe ili lianguke mbele ya watu. Likilengwa usawa wa kichwa linakuwa risasi, tena risasi nzito. Kila askari wenu aliyepita mafunzo anajua hilo. Aliyempiga mtoto wa jirani yangu anajua, popote alipo, na anajua pia kwamba hakuna atakayemuuliza.

Na yule kijana wa tepu nina neno naye, kupitia kwenu. Nilimwona akisimama juani kuanzia asubuhi mpaka alasiri bila kupewa maji. Nilimwona akitazama chini wakati kina mama walipopita wakimwita mwanetu. Sidhani kama alizaliwa na nia ya kumtoa mtu jicho. Lakini amefundishwa kwamba akifunika namba yake, kinachotokea hakimhusu. Hamkumlinda. Siku ikifika ya kutafutwa wa kubeba lawama, wakubwa watasema hawakuwapo, nanyi mtamtoa yeye. Kanuni za Havana zinakataa pande zote mbili za mchezo huo: askari hawezi kujitetea kwa amri iliyo wazi kuwa haramu kama alikuwa na nafasi ya kuikataa, na aliyetoa amri hiyo anawajibika pia. Mkubwa naye anawajibika ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba walio chini yake wanatumia nguvu kinyume cha sheria na hakufanya lililo ndani ya uwezo wake kuwazuia. "Alipaswa kujua." Tepu nyeusi kwenye kofia, hatua moja mbele ya macho yako, asubuhi, kwenye ukaguzi: ulipaswa kujua.

Kwa sababu hiyo amri nazo ziwe na mwenyewe. Ruhusa ya kutoka na risasi za moto iandikwe, isainiwe, iwekwe saa. Ruhusa ya kufyatua bomu la kwanza iwe na jina la aliyeitoa, na sababu kwa sentensi moja. Makopo yahesabiwe yakitoka na yakirudi, kama karani anavyohesabu fedha. Sijaomba jambo ambalo afisa mwaminifu angelikataa. Afisa mwaminifu ndiye wa kwanza kuhitaji karatasi hiyo, siku atakapoambiwa aliamuru asichokiamuru.

Kuna maandamano mengine yanakuja. Sijui lini wala kwa ajili ya nini, lakini yanakuja, maana watu hawana njia nyingi za kusikika na hii ni mojawapo ya chache walizobakiwa nazo. Alfajiri ya siku hiyo mtaamka mapema, mtavaa, mtakwenda kambini, na kikosi kitakuwa kimeshapangwa. Naomba siku hiyo msimwachie msaidizi. Shukeni wenyewe kwenye gari, mpite mstari kwa mstari, mtazame vifua na kofia. Mkikuta matundu mawili ya pini, ulizeni kibati kiko wapi, na askari huyo asipande gari mpaka kirudi mahali pake. Mkikuta tepu, ibandueni kwa mikono yenu wenyewe, mbele ya wenzake wote, kisha someni ile namba kwa sauti.

Wenu,
Raia